Kiboko Niliyemtia Sikioni Mwako

Adhiambo mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kichwa chako kimeshikwa na Mama Beryl anakusuka, na kicheko chako nakisikia mpaka kwenye hii meza. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuo cha matabibu. Mimi mjomba wako, niliyeishia darasa la sita na bado nikafungua injini ambazo wenye digrii walizikimbia, nimeona leo nishike kalamu.

Habari za blanketi, sabuni na wavulana Anti yako Grace amekwisha kuzimaliza. Mimi huko siingii. Mimi nina neno moja tu, na najijua: nikilisema kwa mdomo, kabla sijafika katikati litakuwa limeota mkia na pembe. Kwenye karatasi pengine nitaenda moja kwa moja. Tutajaribu.

Jana uliacha fomu yako ya afya hapa mezani ukaenda kuoga. Nikaisoma. Usikasirike, kila kitu kinachoachwa kwenye meza hii mimi hukisoma, hata karatasi iliyofunga sukari. Pale wanapouliza kama una tatizo lolote la masikio, umejibu kwa ule mwandiko wako mzuri: sikio la kushoto halisikii vizuri tangu utotoni. Chini yake wanauliza chanzo. Umeandika: mngurumo wa kiboko, Usenge.

Adhiambo, hakukuwa na kiboko.

Kaa. Usiinuke bado. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kunirushia sufuria, sufuria ziko palepale.

Viboko ziwani Usenge wapo, hapo sikudanganya. Kuna mmoja aliwahi kunikimbiza nikiwa na injini nzima begani, nikamshinda, na injini sikuiangusha. Lakini tuyaache hayo. Wewe kiboko ulimwona mara moja tu, kwa mbali, mgongo wake kama jiwe, na hata hakujua kama upo. Hakufungua mdomo. Yule aliyeinuka kando ya boti yetu upande wako wa kushoto, akanguruma mpaka nyavu zikapeperuka, huyo nilimtengeneza mimi. Nilimtengeneza ukiwa na miaka saba, siku uliyotoka shule unalia kwamba watoto wanakuita kiziwi. Nikaona nikupe kitu cha kuwajibu. Kesho yake uliwajibu, na wiki nzima ulikuwa mkubwa wa darasa. Basi nikawa namlisha yule kiboko kila mwaka. Ulipofika darasa la nane alikuwa amekuwa mkubwa kuliko boti.

Mama yako alikuwa akinisikia nikikusimulia na ananyamaza. Alidhani nakufariji tu. Naye pia sikumwambia yote.

Sasa nikueleze sikio lako lilivyokwenda.

Mama yako, dada yangu Peres, alikuleta Kaloleni ukiwa na miaka mitano ili usome mjini. Yeye akarudi Usenge kwenye dagaa zake za omena, pale pale alipo mpaka leo. Ulikuja na beseni moja, ndani yake nguo zako na mkebe wa omena kavu, na wiki ya kwanza ulilala umeukumbatia mkebe. Nyumba nzima ilinuka ufukwe.

Baada ya shule ulikuwa unakuja karakana yangu Manyatta. Ulikaa juu ya dumu la maji ukazipa injini majina. Ile iliyokohoa uliiita Mwalimu. Iliyogoma kuwaka uliiita Anti, na Grace akajua. Wakati ule wavuvi wote waliniita Daktari. Injini ikiwa bado iko kisiwani Mfangano, mimi nimesimama Usenge, nilikuwa nasikia ni plagi ipi inaumwa. Na kwa sababu ndani ya sanduku langu la spana kulikuwa na vidonge vya kichwa, vya tumbo na vya homa, wavuvi walianza kuja na wao wenyewe, si injini tu. Nikawapa. Hakuna aliyekufa. Nililibeba jambo hilo kama cheti.

Wewe unakwenda kusomea kazi hii kwenye vitabu. Mimi nakwambia ilivyo huku nje, mtu akishikwa na kitu kidogo: kikohozi, jicho jekundu, mtoto mwenye joto. Watu hawaanzii pale mnapodhani wanaanzia.

Tulipokuwa watoto Usenge tulianzia kwa mama mmoja mzee, nyamrerwa wa pale kwetu. Yeye ndiye aliyetuzalisha wote, mimi na mama yako. Nyumba yake ilikuwa na majani yananing'inia darini na kuku mmoja mkali sana. Ukifika hakuulizi unaumwa nini. Anakuuliza bibi yako anaendeleaje, ndizi zenu zimeiva, nani alikuwa analia kwenu jana. Wakati huo mkono wake uko tumboni mwako na wewe huna habari. Ukitoka umepona nusu, na majani bado hujanywa.

Nilipokuja mjini nilianzia kwa kemisti ya Manyatta, kando ya karakana. Mwenye duka tulimwita Sista. Vyeti vyake hakuna aliyeviona, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwa na foleni.

"Daktari, leo injini gani imekwama?"

"Kifua, Sista."

"Chako au cha mteja?"

"Nichanganyie vya siku mbili."

"Vya siku tano, au nenda kajichanganyie mwenyewe na grisi yako."

Anakufungia vidonge kwenye vipande vya karatasi, anaandika juu yake kimoja mara tatu kwa siku, dakika mbili umerudi kazini. Unafahamu kwa nini tulimpenda? Alitutania. Mtu anayekutania hawezi kukufanya ujione mjinga.

Halafu kulikuwa na zahanati. Dawa za kweli zilikuwa huko na mimi nilijua. Lakini zahanati ni benchi. Unafika alfajiri, unasogea kalio kwa kalio, na kila anayepita anakuona. Ukifika mlangoni unaulizwa mwaka uliozaliwa, uzito, umeanza lini, umekunywa nini, nani alikupa. Mimi, Daktari, nikae pale na kadi mkononi, wavuvi wangu wanapita wananiona? Nilikuwa naizunguka ile zahanati kama mtu anayekwepa mbwa.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa nne, mvua imeshika. Ulikuwa na miaka sita. Anti Grace alikuwa amekwenda kwao Alego kujifungua, kwa hiyo nyumba ilikuwa mimi na wewe tu. Ulianza mafua. Mafua yakapanda sikioni. Ulilia ukishika shavu, na mimi nikapasha mafuta ya kupikia kidogo, nikakutilia tone. Ukanyamaza. Nikajipigia makofi.

Siku ya pili ukalia tena. Nikaenda kwa Sista nikanunua dawa ya matone. Siku ya nne mto wako ulikuwa na unyevu wa manjano, na harufu. Nikakubeba mgongoni mpaka kwa Sista. Alikuinamisha kichwa kwenye mwanga wa mlango akaangalia. Siku hiyo hakunitania.

"Daktari, hii mimi siigusi tena."

"Niongeze matone tu."

"Nimesema siigusi. Mtafute nyamrerwa wa kwenu leo hii. Leo, umesikia? Atakuandikia karatasi, mtoto aonwe hospitali bila kupanga foleni."

Hapo sasa unielewe vizuri, maana hapo ndipo nilipojificha miaka yote hii. Unajua neno nyamrerwa lina watu wawili. Kuna yule mama mzee wa majani, na kuna hawa wa siku hizi, wale wahudumu wa afya wanaovaa vesti na kutembea mlango kwa mlango na kitabu kikubwa, wanauliza habari za vyandarua na chanjo. Wote wanaitwa nyamrerwa. Na kwetu ni wapi? Mtu wa ufuoni ukimwambia kwenu, hafikirii nyumba anayolipia kodi. Anafikiria mahali alipozaliwa. Kwa hiyo nilifunga nguo zako, tukapanda gari, tukaenda Usenge kwa nyamrerwa wa kwetu.

Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nilielewa vibaya. Neno lilinipoteza. Stori nzuri kabisa, nimeisimulia moyoni mara nyingi mpaka karibu niamini.

Mama mzee alikupokea kama mjukuu. Kabla ya kukugusa aliniangalia akaniuliza, "Wenye sindano mjini wamemwona?"

Nikasema, "Wamemwona, Mama. Wamesema hawaoni kitu."

"Wamesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Kwa hiyo usimlaumu yule mama. Angeambiwa ukweli angeturudisha gari lile lile, nina hakika. Alikutilia maji ya majani kwa sababu mimi nilimwambia hakuna mlango mwingine uliobaki. Mama yako naye nilimwambia maneno hayo hayo, akaniamini, mimi ni kaka yake. Tukakaa wiki tatu. Maumivu yalikwisha, ukawa unakimbia na watoto, tukapanda boti, ukaona ule mgongo wa kiboko kwa mbali. Zilikuwa wiki nzuri, Adhiambo. Jioni ulikuwa unageuza omena na mama yako kwenye nyavu, unaimba, na mimi nimekaa kwenye ukingo wa boti nawaambia wavuvi jinsi nilivyokuponya.

Tulikuwa tumesharudi Kaloleni Anti Grace aliporudi na mtoto mchanga mwisho wa mwezi. Ulikuwa umekaa mlangoni unachora chini kwa kijiti, mgongo umetugeuzia, sikio la kulia umelilaza gotini, la kushoto upande wetu. Akakuita. Hukugeuka. Akakuita tena. Akaja mpaka karibu, akapiga kofi kando ya kichwa chako, ukaendelea kuchora. Grace akaniangalia. Alimfunga mtoto mgongoni, akakushika mkono, akaenda nawe hospitali na damu ya uzazi haijamkauka. Mimi nikafuata nyuma.

Daktari alikuwa kijana, ana taa ndogo. Alichungulia muda mrefu. Akasema ngozi ya ndani, ile inayopokea sauti, imetoboka. Akasema angekuona siku zile za mwanzo ingekuwa dawa ya chupa moja na mambo yamekwisha. Kisha akanigeukia mimi: "Mzee, mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikafunga mdomo. Mimi! Unajua mdomo wangu. Ulifungwa kama bomba la maji. Aliendelea kuongea na mimi sikumpa kitu. Hakujua habari ya mafuta ya kupikia, wala matone ya Sista, wala majani. Angeyajua pengine angetibu vingine.

Basi hilo moja tu ndilo nakuomba ulibebe kutoka kwangu, mengine utafundishwa. Mtu akiketi mbele yako na kitu kidogo kilichokuwa kikubwa, usimuulize alikuwa wapi. Muulize alianzia wapi. Kila mtu ameanzia mahali, kwa jirani, kwa kemisti, kwa bibi, kwa sanduku la spana la mjinga fulani. Ukimuuliza hivyo atakuhesabia milango yote aliyopitia, na utajua ni nini kiko ndani ya mwili wake. Ukimuuliza alikuwa wapi, atakupa kiboko.

Sasa nimalize, maana bado sijasema lililo baya zaidi.

Nimekwambia neno nyamrerwa lilinipoteza. Si kweli. Sista alisema nyamrerwa ataniandikia karatasi. Yule mama wa Usenge hajawahi kushika kalamu maisha yake yote, na mimi nilijua. Nilijua Sista anamsema nani. Anamsema Mama Beryl, huyu huyu anayekusuka. Mwezi mmoja kabla ya sikio lako alikuja mlangoni kwangu na vesti yake na kitabu, akaniuliza mbele ya majirani kama tuna chandarua, kama mtoto amemaliza chanjo. Nikamjibu kwa sauti ya kanisa: "Mama, andika hapo, nyumba ya Daktari haina mgonjwa!" Watu wakacheka. Akafunga kitabu akaenda. Baada ya maneno yale, ningewezaje kubisha mlangoni kwake nikiwa na wewe mgongoni unatoka usaha? Hatua thelathini, Adhiambo. Niliona ni mbali kuliko Usenge.

Na kuna kingine. Daktari wa taa alisema ukikua urudishwe, kuna njia ya kuweka kiraka kwenye ile ngozi, na pengine kusikia kungerudi. Anti Grace alikuwa nje ananyonyesha, hakusikia. Nilisikia mimi. Sikukurudisha. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, na wakati huo kiboko alikuwa amekwisha kuota mizizi, na kumrudisha mtoto hospitali ilikuwa ni kumwua kiboko mbele yako. Tena uongo huo ulifanya kazi kuliko nilivyotaka. Nesi wa shule alikuuliza ukamwambia kiboko, akacheka, akafunga faili. Nani atibu kiboko? Miaka kumi na tatu hakuna aliyechungulia tena sikioni mwako, kwa sababu wewe mwenyewe uliwaambia hakuna cha kuchungulia, na ulikuwa unawaambia maneno yangu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Beryl. Hatua thelathini nilizitembea. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Aliniacha nimalize.

"Daktari," akasema, "miaka kumi na tatu unapita hapa unanisalimia kama gavana."

"Nisamehe, Mama."

"Niliona pamba kwenye sikio la yule mtoto siku mlipokuwa mnapanda gari. Nikasema hayanihusu, si nyumba ya Daktari haina mgonjwa? Na mimi nina dhambi yangu hapo. Tuiache. Ile ngozi hushonwa hata kwa mtu mzima. Si wote, lakini hujaribiwa. Huko chuoni watamwona, ni mwanafunzi wao."

"Hata sasa?"

"Akisema ukweli. Kwa kiboko hawatamfanyia kitu. Leo namsuka mchana kutwa, nywele zake ni nyingi. Kabla sijamaliza uwe umemwambia. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sina maneno matamu."

Ndiyo maana naandika mbio mbio hivi, na ndiyo maana umeona anakusuka polepole.

Ule mstari ufute. Nimekuwekea kalamu juu ya fomu. Mimi sitaufuta, ni jina lako liko pale juu. Andika: usaha wa sikio nikiwa na miaka sita, ulianza kwa mafua. Andika mafuta ya kupikia, siku ya kwanza. Andika matone ya kemisti, siku ya pili. Andika maji ya majani, wiki tatu. Andika kwamba mlezi aliambiwa aende hospitali na hakwenda. Neno hakwenda usilipunguze makali. Wakiuliza jina la mlezi, unalo.

Mama yako nitampigia kesho basi likishaondoka, nimwambie mwenyewe. Usiibebe hiyo.

Barua hii sitaitia kwenye begi ili uisome ukiwa mbali. Nilifikiria hivyo, sikatai, hata begi nililifungua. Nitakupa mkononi ukiingia, usome hapa hapa, na mimi nitakaa. Utaniona nimevuta kiti upande wako wa kulia. Mezani, kanisani, kwenye tuktuk, miaka yote hii nimekaa kulia kwako, na sijakosea upande hata siku moja. Nadhani uliona ni mazoea ya mtu mzee.

Hapana, mwanangu. Nilikuwa najua.

Mjomba wako,
Ouma